Kashe Tatu za Mont Kigali

Mchezo wenyewe ni mdogo, unaweza kuueleza ukiwa umesimama kwenye foleni ya maji. Mtu anaficha kisanduku mahali pazuri pa kutembea: mlimani, msituni, kando ya barabara yenye kona nyingi. Ndani yake anaweka muhuri mmoja na daftari. Halafu anaandika maelekezo kwa mafumbo na kuyagawa kwa watu. Wewe unayekwenda kutafuta unabeba daftari lako, muhuri wako na wino. Ukikiona kisanduku, unapiga muhuri wake kwenye daftari lako, unapiga wa kwako kwenye daftari lake, unaandika tarehe, unarudisha kila kitu kama ulivyokikuta, unaenda zako. Hakuna zawadi. Hakuna mshindi. Mtu wa pili akipita hapo asijue kama kuna kitu.

Mimi niliupata kwa dada yangu. Anaishi Portland, jimbo la Maine, Marekani, tangu 2016. Mwanamke mmoja wanayefanya naye kazi alimfundisha, na sasa Jumapili anatoka na watoto, theluji au si theluji. Siku moja akanitumia kwa WhatsApp picha ya ukurasa wa daftari lake: bata, mnara wa taa, kofia, uyoga, jani, vyote vimepigwa kwa wino wa rangi mbalimbali. Nikamwuliza, hizi kashe ni za ofisi gani? Alicheka mpaka ujumbe wa sauti ukakatika.

Lakini swali langu halikuwa la kijinga. Sisi tuliotoka Kongo, na Wanyarwanda pia, muhuri tunauita kashe, na kashe ni kitu kikubwa. Karatasi isiyo na kashe ni karatasi ya kufungia maandazi. Nimeshatembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine siku nzima kwa ajili ya kashe moja, nikafika dirishani nikaambiwa mwenye kashe ametoka, rudi Jumanne. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna watu wanaopanda mlima kwa hiari yao kutafuta kashe isiyofungua mlango wowote, lazima niulize mara mbili.

Dada akanieleza asili yake. Ulianzia Uingereza mwaka 1854, kwenye nyanda za juu za Dartmoor, nchi ya matope na upepo. Mwongoza wageni mmoja, James Perrott, aliacha chupa mahali panapoitwa Cranmere Pool, ambapo kufika kulikuwa taabu, ili atakayefika aweke humo kadi yake ya jina. Baadaye watu wakawa wanaacha huko barua na postikadi zenye anwani tayari; atakayefuata kufika anazichukua na kuzipeleka posta. Ndiyo maana mpaka leo Waingereza wanauita mchezo wa masanduku ya barua. Marekani ulienea baada ya gazeti la Smithsonian kuuandika mwaka 1998.

Hapo kwenye barua ndipo nilipoupenda. Mtu usiyemjua anabeba barua yako kwa sababu tu yeye ndiye aliyefuata kupita! Kwetu huo haukuwa mchezo, ndivyo barua zilivyosafiri. Mama alikuwa akimpa barua dereva wa basi, dereva anampa muuza simkadi mpakani, yule anampa mwanamke wa nyanya. Na zile karatasi za Msalaba Mwekundu, barua za wazi zisizofungwa, habari za familia tu: tuko wazima, mtoto amezaliwa, baba alifariki. Zilipita mikononi mwa watu wangapi mpaka kufika? Bila shaka kuna aliyezisoma akalia, asijue hata ni za nani.

Basi tukaamua kuucheza hapa Kigali.

Aliyetengeneza mihuri ni mdogo wangu, fundi viatu huko Biryogo. Anajua mpira kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alichukua vipande vya kandambili zilizokufa, akachagua zile ngumu, akazichonga kwa kisu chake cha kukatia soli, kila mmoja akachora anachotaka. Katika mchezo huu kila mtu ana jina la njiani, na jina hutoka kwenye kashe yake. Mdogo wangu ni Soli. Mimi ni Mbabula, kwa sababu nilichora mbabula ya makaa, miguu mitatu na tundu la majivu. Nitatumia hayo majina hapa. Wengi wetu tuna sababu za kutotaka majina yetu ya kweli kwenye karatasi moja zaidi.

Jirani yangu, ambaye namwita yaya, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, alichora mfuko wenye mikono miwili. Nikautazama, nikamtazama yeye. Kila mkimbizi anaujua ule mfuko mweupe wa safari, wenye maandishi ya bluu, ambao watu wanaubeba kifuani uwanja wa ndege, karatasi zao zote ndani.

"Yaya, hii njo ile mfuko?"

"Hapana. Hii ni kapo ya soko."

Basi akawa Kapo.

Mtoto wake wa miaka kumi na mmoja alikataa kusaidiwa. Alichonga neno KIGALI kwa herufi safi, nzuri kabisa, na alipopiga likatoka limegeuka, kuanzia mwisho. Soli akataka kumchongea lingine. Mtoto akasema, "Wacha. Ni luga yangu." Toka siku hiyo ni Ilagik, na hataki kuitwa jina lingine hata shuleni.

Lazima niseme habari ya Kapo, ili mwelewe siku yenyewe. Mwisho wa 2024 alikuwa amemaliza kila kitu: intaviu, medikali, mafunzo ya utamaduni. Alikuwa na tarehe ya ndege. Akauza kitanda, akauza godoro, mbabula, sufuria zote isipokuwa moja, sahani akagawa. Halafu Januari 2025, zikiwa zimebaki siku chache, simu ikalia: safari zote zimesimamishwa, subirini. Ndio mwezi ule ule ambao sisi sote tulikuwa na simu sikioni kwa ajili ya vita vya Goma, kwa hiyo hata kulia alilia peke yake, maana kila nyumba ilikuwa na kilio chake. Mwaka mzima alilala kwenye mkeka. Sio kwamba alikosa kabisa hela ya godoro. Alisema akinunua godoro atakuwa amekubali.

Alikuwa akitoka, ndiyo. Alitoka kufua nguo za watu, alitoka kanisani, alitoka kwenda kuuliza. Tena kuuliza ndiko kulikokula siku zake nyingi. Lakini kutoka bure tu, kutembea, hapana.

Soli akatangulia Jumapili moja kabla, akaweka visanduku vitatu kwenye barabara inayopanda Mont Kigali kutoka Nyamirambo. Hapa kila mchezo una sheria za mahali. Dartmoor unaweza kuficha kitu chini ya jiwe na mwenye jiwe ni kondoo tu. Kigali huwezi kuchimba ardhi kando ya barabara ukafukia bati halafu ukaondoka ukipiga mluzi. Kwa hiyo hakuchimba chochote. Alikwenda kwanza kwa mkuu wa mudugudu, akafungua makopo mbele yake, akamwonyesha kashe na madaftari, akamwachia namba ya simu. Na makopo ni ya maziwa ya unga, ya bati, yamefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli. Mifuko ya plastiki ilikatazwa nchi hii tangu 2008. Hatuwezi kupeleka nailoni mlimani.

Maelekezo akayafanya vitendawili. Hiyo ilikuwa akili yake mwenyewe, na mimi naona tumewashinda Waingereza hapo, maana wao wanaandika: tembea hatua arobaini, geuka kushoto.

Tulitoka saa mbili asubuhi, Jumapili ya Januari mwaka huu, 2026. Mwezi huo ndio kiangazi kifupi, urugaryi, mvua imepumzika na vumbi bado halijawa adui. Mimi, Kapo na Ilagik. Soli alibaki, kwa sababu mficha hatakiwi kuwepo. Angecheka mapema, tungejua. Kapo alikuja, nadhani, kwa ajili ya mtoto tu. Alivaa viatu vya ofisini. Mfuko wa karatasi zake ulikuwa begani, kama kila siku.

Tukapita uwanja wa Pelé, Nyamirambo ikaanza kupungua, nyumba zikaachana, barabara ikainua kichwa. Lami ni nzuri mno. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika, na wanaume walipandishwa Mont Kigali, karibu kilomita sita za mlima, kisha wakateremka na kupanda mawe ya Kwa Mutwe. Ni kwenye mlima huu Tadej Pogačar alianza kushambulia, zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya mia moja, na kundi kubwa halikumkamata tena mpaka mwisho. Ilagik alituonyesha mahali ambapo, kwa maneno yake, jambo hilo lilitokea. Kisha baada ya kona mbili akatuonyesha mahali pengine ambapo pia lilitokea.

Kitendawili cha kwanza: nina mdomo barabarani, sinywi ila mvua, panda kichwani kwangu, hesabu mawe saba.

Hiki kilikuwa rahisi. Barabara za Rwanda zina mifereji ya mawe mikubwa kiasi kwamba mgeni anaweza kupotelea ndani. Ilagik alikagua midomo mitano. Kwenye wa tano, juu ya ukuta wa mawe, jiwe la saba kutoka ukingoni lilikuwa halijajengewa, limekaa tu, na nyuma yake kopo. Alilitoa kwa mikono miwili kama yai. Kashe ya ndani ilikuwa ya Soli: chini ya kiatu, na tundu dogo pale kidole gumba kinapotokeza. Tukapiga, tukaandika tarehe, tukafunga. Kapo alipiga kashe yake bila kusema kitu, akafuta mikono na kitambaa, akauliza, "Bado zingapi?" kama mtu anayehesabu madirisha.

Tukapanda. Mchana ule barabara ilikuwa na watu wa mazoezi, vijana wanakimbia, wazee wawili wenye fimbo, familia moja inakwenda kuona farasi pale Fazenda Sengha. Harufu ya mikaratusi ikaanza, halafu misonobari, na baridi kidogo, maana kilele kina zaidi ya mita 1,800. Upande wa mashariki ukageuka unaona mji wote, vilima juu ya vilima, mabati yanang'aa. Ukizunguka upande wa pili mji unaisha ghafla na chini kabisa unauona Nyabarongo, kahawia kama chai ya maziwa, unajikunja kwenye mashamba ya bondeni bila haraka. Maji yale yanakwenda Akagera, kisha Ziwa Viktoria, kisha Naili. Nimekaa Kigali miaka mingi, nimeuvuka mto huo ndani ya basi sijui mara ngapi, dirisha limejaa magunia, na sikuwa nimewahi kuutazama.

Kitendawili cha pili: watatu wa tumbo moja, mama yao amekatwa, wote wanatazama mto.

Hapa tulihangaika nusu saa nzima. Tulitafuta nyumba tatu, mawe matatu, nguzo tatu za umeme. Aliyekifungua ni Kapo. Alisimama katikati ya miti akasema polepole, "Mti bakiukata unaotaga tena." Mkaratusi! Ukiukata, kisiki kinatoa vichipukizi. Palikuwa na kisiki kimoja kikubwa, cheusi, na kutoka humo miti mitatu mirefu imeinama kuelekea bondeni. Kopo lilikuwa katikati yao, limefunikwa majani makavu.

Tulikuwa tumepiga magoti watatu, Ilagik ameshalifungua, tukasikia sauti nyuma.

"Murashaka iki?"

Mnatafuta nini. Mzee mmoja, kofia ya sufi, panga la kukatia majani ya mbuzi mkononi, uso hauna hasira wala kicheko. Kabla sijafungua mdomo, Kapo ameshasimama wima, mfuko umefunguliwa, na kitambulisho chake cha mkimbizi kipo nje, ameshakinyoosha mbele, na nyuma yake karatasi ya usajili, na nyuma yake nyingine. Alifanya hivyo haraka kuliko mtu anavyofukuza nzi.

Mzee hakukipokea. Akakitazama kile kitambulisho, akamtazama yeye, akajibu kwa Kiswahili cha Nyamirambo, polepole, "Mama, sikuomba hicho. Niliuliza mnatafuta nini."

Kapo alibaki vile vile, mkono umenyooka. Ni Ilagik aliyejibu. Alimweleza mchezo wote, kashe, daftari, vitendawili, kandambili, tena kwa Kinyarwanda chake cha shuleni ambacho kinatushinda sisi wote. Mzee akaweka panga chini. Akachuchumaa. Akataka kuona kila ukurasa, na ukurasa ulikuwa mmoja tu. Akauliza yeye atapigaje, hana kashe. Mtoto akamwambia atachongewa. Mzee akasema hapana, akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika kwenye daftari kwa nguvu, akakizungusha kidogo kushoto na kulia, kama tunavyofanya sisi sote siku ya kuandikishwa. Anajua namna ya kubandika kidole, mzee yule. Halafu akacheka peke yake na kusema, "Hiki hakijawahi kupigwa bure." Akachukua majani yake, akateremka.

Sijui kama ni kile kicheko au ni kupanda mlima na viatu vibaya. Kapo alikaa chini ya wale watatu, akavua viatu, akafungua chakula. Tulikuwa na chapati, mayai, sambaza za kukaanga kwenye karatasi, na chupa ya chai ya tangawizi. Tulikula bila kuzungumza. Upepo kwenye mikaratusi una sauti ya mvua ambayo hainyeshi. Alipomaliza akatandika kitenge, akaweka ule mfuko wa karatasi chini ya kichwa, akasema anafumba macho dakika mbili.

Alilala saa moja na nusu. Kabisa, mdomo wazi, na mkoromo. Mtoto wake alikuja akasimama juu yake, akaniangalia na kuninong'oneza, "Nyumbani halalagi hivi." Nikamwambia nyamaza. Tukakaa pale mimi na yeye tukihesabu magari yaliyokuwa yanapita kule chini, mimi nikichukua meupe na yeye ya rangi. Alinishinda. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya siku ile, na nimejaribu kukumbuka lini mara ya mwisho niliweza kusema hivyo, sikumbuki.

Kitendawili cha tatu: mama anauza moto, mwenyewe haungui.

Kwa hiki hata hatukuhitaji kufikiri, tulisikia harufu. Njiani kuteremka, mlangoni pa nyumba yake, mwanamke anachoma mahindi. Tukamsalimu, tukanunua matatu, tukakaa kwenye benchi, tukatazama huku na huku chini ya benchi kama wezi. Alituacha tuteseke mpaka tukamaliza mahindi, ndipo akaingia ndani akatoka na kopo. Soli alikuwa amempa alitunze. "Nilikuwa naona mtauliza lini," akasema.

Ndani ya kopo hilo ndimo ilimo kashe ya dada yangu. Aliichonga Portland kwenye kifutio cha penseli, akampa mtu aliyekuwa anakuja Kigali kwenye harusi: samaki mdogo mmoja, sambaza wa Kivu, ana jicho kubwa kuliko mwili. Dada hajakanyaga huku tangu 2016. Niliipiga kwenye daftari langu, nikapiga picha, nikamtumia. Huku saa tisa alasiri, kule saa mbili asubuhi. Akajibu kwa neno moja tu, "Nimefika," halafu ikafuata picha ya dirisha lake, theluji tupu.

Kapo aliomba kalamu. Wengine tulikuwa tunaandika tarehe tu, lakini yeye aliandika mstari mzima kwenye daftari la samaki, nami nimemwomba ruhusa ya kuunakili hapa. Ameandika: "Kapo, kutoka Masisi. Nimepita hapa kwa miguu, hakuna aliyenituma."

Godoro bado hajanunua. Namtaja kwa sababu mtaniuliza. Lakini mwezi uliofuata, Jumapili, ni yeye aliyegonga mlango wangu, na kwapani alikuwa na kopo jipya la maziwa.

Kwa hiyo sasa ziko nne, na ya nne sijaipata. Kitendawili chake ni hiki, kiwafae na ninyi: nimefungwa tayari kwa safari, sijawahi kuondoka. Iko barabara ile ile, si mbali na watatu wa tumbo moja. Njoo na daftari na kashe yako. Kama huna, Soli yuko Biryogo na kandambili hazimwishi. Ukikutana na mzee wa panga mjibu tu anachouliza. Na kwa mama wa mahindi usidai kopo kabla hujanunua hindi.